Asali ya Chesang

Machi 9

Mvua bado. Edinah amepata mayai ya kuchemsha ndani ya gambuti zangu. Jana ilikuwa chapati nyuma ya televisheni, imefungwa vizuri kwa ukurasa wa michezo.

"Madam, angalau mzee hakufungia na stori yako," akasema.

Daktari ametaka niandike kila siku kile baba anachokula na kile anachokataa. Kwa hiyo naandika. Baba ni Kiplangat, Mwogiek wa Nessuit, ana miaka themanini na kitu. Amekaa kwangu hapa Section 58, Nakuru, tangu Januari, kwa sababu kumbukumbu zinamtoka na dada yake hana tena miguu ya kumfuata msituni. Edinah humtunza nikiwa kazini. Mimi ni mwandishi wa habari, na sina mtoto wala mume wa kuuliza nani atapika.

Leo amepokea chai, ameshukuru, ameimwaga kwenye chungu cha maua. Amepokea wali na ndengu, ameshukuru. Wali tumeupata kwenye mfuko wa koti lake. Hakuna alichokula ambacho tumekiona kwa macho.

Machi 12

Nilimpeleka supamaketi nikidhani akichagua mwenyewe atakula. Mlangoni alivua kofia. Alitazama rafu za mikate, ndizi, nyama iliyofungwa kwa plastiki, mifuko ya unga iliyopangwa hadi karibu na dari, kisha akamwinamia askari wa mlangoni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mzee."

"Basi ni harusi ya nani?"

Askari akanitazama. Nikasema baba anatania. Hakuwa anatania. Alikotoka, chakula kingi hivyo hukusanywa mahali pamoja kwa sababu hizo mbili tu.

Kwenye rafu ya asali alisimama muda mrefu. Zilikuwa za kila aina, za chupa na za plastiki, nyingine zina picha ya mlima. Akashika moja, akamwuliza msichana aliyekuwa akipanga bidhaa, "Hii nani aliipandia mti?"

"Inatoka kwa sapulaya, mzee."

"Huyo anapanda mti gani?"

"Mti? Anakujanga na lori."

Baba akairudisha taratibu, kama mtu aliyegundua ameshika mali ya wizi. Tulirudi na mikate, maziwa ya mtindi na soseji. Hakula.

Machi 16

Uji, nusu kikombe. Ndizi imepatikana ndani ya Biblia, katika Zaburi.

Machi 21

Imeanza kunyesha. Baba alisimama mlangoni akainusa, akasema kwa Kiogiek, "Sasa hakuna kitu mpaka iishe."

Mvua ndefu kwao ilikuwa miezi ya njaa. Maua huoshwa, nyuki hawatoki, na kilichomo mzingani wanakila wenyewe. Nimewahi kuandika kuhusu kazi ya asali ya msituni, safu mbili, na nilijivunia kwamba sikuipamba. Mtu hutoka kabla ya jua na mfuko wa ngozi mgongoni. Hutembea hadi mti anaoujua, na kama haujui humfuata ndege anayeongoza watu kwenye asali. Huwasha kifungu cha ndevu za miti, zile nyuzi zinazoning'inia matawini, kifuke moshi. Hupanda miguu mitupu, kamba ya mmea ikiwa imezunguka shina na kiuno chake. Akifika juu, mkono mmoja unashika mti na mwingine unaingia shimoni hadi begani. Hawezi kuutoa kwa haraka, kwa sababu haraka ndiyo inayowakasirisha nyuki. Hushuka na uso uliovimba, mara nyingi na mfuko mtupu.

Na akipata, nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja. Watoto kwanza, kisha mama. Aliyepanda hula mwisho. Sikumbuki kumwona baba akilamba hata kidole kabla yetu, akiwa ametembea tangu alfajiri bila kitu tumboni.

Mimi juzi nilinyoosha mkono rafuni tu.

Machi 22

Mvua. Hakula.

Machi 23

Mvua. Supu kidogo. Soseji zimepatikana kwenye sanduku la mita ya stima. Paka wa jirani ndiye aliyetuonyesha.

Machi 28

Hiram, mhariri wangu, alinituma Naivasha kuandika juu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Nimerudi leo. Baba amekonda hadi Edinah amemfunga suruali kwa kamba ya gunia.

Tumempeleka kliniki. Daktari ni kijana mpole, anaongea akikutazama.

"Koo ni safi. Tumbo liko sawa. Mzee anaweza kula."

"Basi kwa nini hali?"

"Hilo ndilo nilitaka wewe uniambie."

Amesema uzito ukiendelea kushuka hivi, mwezi ujao atalazwa na kuwekewa mpira wa kulishia puani. Nilimwuliza kama wazee hupona wakiwekewa mpira. Akasema wengi huung'oa.

Nyumbani nimefungua friji. Kuna kuku, maziwa, mayai, matunda, mabaki ya juzi, mabaki ya jana. Nimeandika habari za ukame Baringo na Turkana. Najua mtu anayekufa njaa anafananaje. Sikuwahi kufikiri ningemwona amekaa kando ya friji yangu.

Aprili 3

Senge Tapsabei, yaani shangazi yangu, dada ya baba, amekuja kutoka Nessuit na kibuyu cha maziwa ya mursik na mfuko wa viazi, kana kwamba Nakuru hakuna chakula. Edinah alifungua friji atafute nafasi, ikakataa kujifunga.

"Hii yote ni ya nani?" Senge akauliza.

"Ni yetu."

"Na ndugu yangu anakufa njaa humu humu. Nyinyi watu wa mjini mna mambo."

Nilimweleza kuhusu mayai kwenye gambuti na mengine yote, jinsi anavyoficha. Akatikisa kichwa.

"Hafichi. Anaweka."

"Anamwekea nani?"

"Chesang."

Nilijua nilikuwa na dada aliyekufa kabla sijazaliwa. Niliambiwa ni homa. Senge amenieleza leo, akimenya viazi, bila kuinua macho.

Ulikuwa mwaka wa mvua isiyoisha. Watu walikuja kuwaondoa msituni, wakachoma vibanda, na asali iliyowekwa kwa miezi ya njaa ikaungua humo ndani. Mama hakuwa na maziwa. Chesang alikuwa ametoka tu kujifunza kutembea. Baba alienda kutafuta asali kwenye mvua, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili hupanda mti. Alikaa huko hadi watu wakasema ameanguka. Kisha akarudi, amevimba uso wote, na kipande kidogo cha sega.

"Alimwekea mdomoni," Senge akasema. "Mtoto akafunga mdomo. Alikuwa ameshafika mahali ambapo mtoto hamezi tena. Alikufa na asali kwenye midomo. Na baba yako, ile asali hakuigusa. Aliizika naye."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ungeiandika kwa gazeti."

Edinah alitoka nje akajifanya anaanua nguo. Nguo zilikuwa zimeshaanuliwa kwa sababu ya mvua.

Kwa hiyo baba si kwamba hana njaa. Mvua inanyesha, mtoto hajala, na aliyepanda hula mwisho.

Aprili 5

Naandika jinsi ilivyotokea.

Saa ya chakula cha mchana nilikaa chini kwenye zulia karibu na miguu yake, si kwenye kiti. Ugali, sukuma, nyama. Alinitazama. Nywele zangu nilikuwa nimezifunga kwa kitambaa. Akasema, polepole, "Chesang. Umekula?"

Katika kazi yangu sijawahi kumwekea mtu maneno mdomoni, na sijawahi kuitikia jina lisilo langu ili nipate habari. Wapo wenzangu wanaofanya hivyo. Siwaheshimu.

"Bado, baba," nikasema.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha mkate cha siku nyingi. Akanipa. Nikatafuna. Akaweka vidole viwili chini ya kidevu changu, kwenye koo, akangoja mpaka aliposikia mkate umeshuka. Kisha akavuta sahani yake, akala ugali wote, sukuma yote, nyama yote, akauliza kama kuna ingine.

Edinah alikuwa amesimama mlangoni na kifuniko cha sufuria mkononi.

"Yesu wangu," akasema. "Madam, wewe kuanzia leo ni mtoto."

Aprili 6

Nilikula kwanza. Akala.

Aprili 7

Nilikula kwanza. Akala. Mkate ulikuwa na ukungu. Nimemwambia Edinah abadilishe ule wa mfukoni kila asubuhi kabla baba hajaamka.

Aprili 11

Amekula mara tatu leo. Nimemwomba Hiram nifanyie kazi nyumbani. Amesema, "Jepchumba, wewe hujawahi kuomba kitu tangu nikujue. Kaa."

Aprili 15

Kamba ya gunia imetoka. Suruali inajishikilia.

Sikutarajia kwamba angeongea. Baba niliyemjua alikuwa mtu wa maneno machache na mimi nikawa hivyo hivyo. Kwa Chesang anaongea. Anamweleza mti gani una nyuki wakali na upi una wapole, na kwa nini asali ya bondeni ni nyeusi na ya juu ni nyeupe. Jana alimwimbia. Ulikuwa wimbo mfupi wa kumwita ndege, na alipofika mwisho alinifinya shavu.

Mimi, Jepchumba, hakuwahi kuniimbia. Nilisoma kwa sababu alibeba asali hadi Njoro kuiuza, na siku nilipopata kazi alisema, "Vizuri." Nilidhani ndivyo alivyo. Kumbe nilizaliwa mwaka uliofuata, na kila kitu kilikuwa kimeshatumika.

Nina umri huu na ninamwonea wivu mtoto ambaye hakufika kuota meno yote. Nimeona niandike kwa sababu ni kweli.

Aprili 17

Kliniki. Uzito umepanda. Daktari akauliza tumefanya nini. Nikamwambia. Akasema, "Endelea kuwa yeye."

Aprili 22

Mvua imepumzika, jua kali. Baba ameona nyuki.

Wako kwenye mjakaranda mzee kando ya ukuta wa ploti, shimo liko juu, penye tawi lililokatwa zamani. Nimeishi hapa miaka mingi na sijawahi kuinua kichwa. Nilimwita Bravin, anayetunza ploti.

"Boss lady, hao nyuki niliwapata hapa. Hawanaga shida na mtu. Wanakaa kwao, sisi kwetu."

"Baba atapanda."

Bravin akamtazama baba, akacheka. "Huyu guka? Apande na nini?"

Baba alikuwa ameshaanza kuifungua kamba ya kuanikia nguo.

Nimempigia mfugaji mmoja wa Rongai anayehamisha nyuki. Atakuja wiki ijayo barabara ikikauka.

Aprili 24

Edinah amemkuta baba amevua viatu, mguu mmoja kwenye shina. Alimshika kiuno wakavutana, naye akamwambia, "Niachie, mama, mtoto anangoja." Edinah ana mwili, la sivyo angekuwa juu.

Kwa mwenye umri wake, kuanguka kutoka pale ni nyonga au shingo. Nilimfuata Bravin nikamwambia hatutangoja mtu wa Rongai.

"Kuna dawa ya wale jamaa wa kuua mende," akasema. "Hiyo ukipiga inamaliza wote. Lakini boss lady, si ni hasara? Kuna asali pale."

"Maliza," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Neno moja.

Aprili 25

Bravin alipulizia mchana, baba akiwa amelala. Edinah alifagia nyuki kwa ufagio wa nje wakajaa kwenye kizoleo. Nilisikia nafuu. Baba alipoamka alikula vizuri.

Aprili 27

Edinah alikuwa kanisani. Mimi nilikuwa chumbani kwenye simu na Hiram kuhusu habari ya Naivasha; alitaka takwimu nyingine, tukabishana kidogo. Niliporudi sebuleni kiti cha baba kilikuwa kitupu na jiko la makaa halikuwa mahali pake.

Nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa anashuka. Hakuwa anaanguka wala kuteleza, alikuwa anashuka kama anavyoshuka mtu kwenye ngazi za nyumba yake. Kamba ya nguo ilizunguka shina na kiuno chake. Miguu mitupu ilitafuta mahali, ikapata, ikahamia pengine. Kiunoni alikuwa na kipande cha gunia kinachofuka moshi. Mgongoni, mkoba wangu wa ngozi wa kazini. Bravin alikuwa amesimama chini, mikono juu, kama mtu anayengoja kudaka mpira.

"Boss lady, nimempata ashafika huko! Nikaogopa kumwita!"

Baba alifika chini, akafungua kamba, akaja nyumbani akitembea wima. Nilimtambua kwa mwendo ule. Nikiwa mdogo, tulijua kwa mwendo tu kwamba amepata.

Alikuwa na furaha. Sijui namna ya kuandika hilo kwa usahihi zaidi. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akaongea haraka, na uso wake haukuwa na uvimbe hata mmoja.

"Chesang, walilala! Niliwapa moshi kidogo tu, wakalala wote. Sijawahi kulaliwa na nyuki hivi. Walikuwa wanaanguka kwenye mkono wangu kama mvua, hakuna hata mmoja aliyeniuma. Wamekupa. Hii wamekupa wao wenyewe."

Msituni, nyuki waliotulia ni nyuki waliokubali moshi. Maisha yake yote hakukuwa na sababu nyingine. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwamba nyuki wanaweza kunyamaza kwa sababu mtu amelipia dawa.

Akafungua mkoba. Sega lilikuwa jeupe, zuri, limejaa. Katikati yake kulikuwa na nyuki waliokufa, na harufu ya dawa ilikuwa juu ya harufu ya asali. Yeye hakuisikia. Daktari alishasema pua huondoka na kumbukumbu.

Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa na asali hadi kwenye viganja, na hakuwa amevilamba. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Akakata kipande, akaondoa nyuki mmoja mmoja, akakileta mdomoni kwangu. Mkono wa pili ukaja chini ya kidevu, vidole viwili kwenye koo.

"Kula, mama."

Nilifikiri haraka, jinsi nilivyozoea kufikiri mahali pa ajali. Nikijifanya, vidole vitajua. Nikitema, ataona. Nikimeza, sitakufa kwa kipande kimoja, nadhani, lakini nikimeza na yeye atakula. Hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi. Angekula sega zima, kwa sababu zamu yake ingekuwa imefika.

"Baba, ni mbaya. Wameiwekea dawa."

Hakunisikia, au alisikia mtoto akilia.

"Kidogo tu. Lamba."

"Baba."

Akaigusisha kwenye midomo yangu. Nikafunga mdomo.

Alingoja. Vidole vilikaa pale kwenye koo, vikingoja kishuke kitu. Nilijaribu kuushika mkono wake niusogeze, naye akadhani ni mtetemeko wa mtoto, akanikumbatia kichwa kwa kiwiko ili nisianguke. Akasukuma tena, polepole. Nikabana meno. Asali ilitiririka kidevuni.

Kisha nikaona uso wake ukielewa.

Hakupiga kelele. Aliweka kile kipande juu ya mkoba. Alinipangusa midomo kwa pindo la koti, kwa uangalifu, pande zote mbili. Akasema, "Basi. Basi, mama." Akaweka kiganja juu ya macho yangu akayafumba. Nilibaki nimeyafumba kwa sababu mkono wake ulikuwa juu yake na sikujua la kufanya. Nikasikia akivua koti. Akanifunika nalo, uso na yote.

Nilipojifunua alikuwa ameketi akitazama mlango. Nikamshika goti nikamwita. Akageuka, akanisemesha kwa Kiswahili, kwa adabu, jinsi anavyosema na watu asiowajua.

"Karibu, mama. Pole ya mvua. Mtoto amekufa sasa hivi. Umekuja kutusaidia kuzika?"

Aprili 28

Bravin amechukua asali akaizika nyuma ya choo cha nje. Baba alitazama mpaka mwisho, amevua kofia. Alimshukuru Bravin kwa kumpa mkono. Bravin alikuja kwangu akilia, akasema, "Mathe, hiyo dawa ni mimi nilipuliza." Ni mara ya kwanza ananiita mathe, yaani mama. Nikamwambia ni mimi niliyesema.

Hakula.

Aprili 29

Nilikaa kwenye zulia, na kitambaa kichwani. Nikamwambia, "Baba, ni mimi Chesang, nimekula."

"Chesang tumemzika," akasema. "Usimtaje."

Mei 1

Mfuko wa koti mtupu. Edinah ametafuta kila mahali: gambuti, Biblia, mita, nyuma ya televisheni. Hakuna kitu. Hamwekei mtu tena.

Alikuja na mfuko mtupu wa taka kunionyesha, akakaa kitandani kwangu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Nilikuwa nalalamika juu ya hizo chapati," akasema.

Mei 4

Nilirudi supamaketi nikanunua asali, aina zote walizokuwa nazo. Sikuwa na mpango wenye akili. Nilidhani labda moja ingemkumbusha. Nilizipanga mezani. Akazitazama.

"Watu wengi wameleta," akasema. "Wape hao wanaochimba."

Mei 9

Amelazwa. Mpira puani. Ameung'oa.

Mei 10

Wameurudisha na kumfunga mikono. Nilisaini. Mchana niliomba wamfungue, nikasaini tena.

Mei 14

Nilimwuliza daktari kuhusu dawa ile. Nilitaka jina, kiasi, athari. Alinijibu kama mtu anayejibu gazeti: kipande kidogo pengine kingeniumiza tumbo, basi. Na yeye, sega zima, katika hali yake? Akasema hawezi kujua. Labda angetapika tu. Labda angekufa siku hiyo.

"Ni ugonjwa, madam," akasema. "Wote hufika mahali wanaacha kula. Hata kama asali ingekuwa nzuri, angefika."

Inawezekana ni kweli. Ninachojua ni kwamba Aprili 26 alikula mara tatu na tangu Aprili 27 hajala. Naandika yote mawili.

Mei 17

Leo nilimwambia mimi ni Jepchumba, yule wa pili, aliyezaliwa baadaye. Nilimweleza kuhusu shule, na Njoro, na siku aliyosema "Vizuri". Alisikiliza kwa makini. Akaniuliza kama baba yangu bado yuko hai.

Mei 19

Mvua imeisha. Muuguzi amefungua dirisha.

Mei 22

Alfajiri leo. Sikuwepo, nilikuwa nimeenda kuoga. Muuguzi anasema alikuwa ametulia.

Mei 31

Tulimzika jana Nessuit. Hiram alikuja, na Bravin, aliyevaa suti ya kuazima. Ofisi ilichanga, majirani wa Section 58 wakachanga, na kampuni ya chakula ikaja na hema na sufuria zake. Pilau, kuku, nyama, chapati, viazi, kachumbari, matikiti, soda za kila rangi. Watu walikula wakashiba, wakarudi tena, kisha wanawake wakaanza kuwafungia vingine kwenye mifuko. Na bado kilibaki.

Senge Tapsabei alikuwa anapakua. Nilipofika mbele yake na sahani, alishika kijiko hewani.

"Nijibu kitu kimoja. Alikufa ana njaa?"

Nikamwambia daktari anasema mwili ukifika pale hausikii njaa tena.

"Sijakuuliza daktari."

Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu. Nikamwambia ndiyo.

Akaitikia kwa kichwa. Akanijazia sahani, akamwita aliyefuata.